Mguu wa Chiriku

14 Januari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Huku sote tu wazima, isipokuwa heshima ya Baba. Juzi alipanda ngazi yake mpya ili aandike bango la kinyozi, akaanguka kutoka kidato cha kwanza. Mwili haukupata hata mchubuko, lakini kinyozi alikuwa na wateja, na wateja walikuwa na macho. Mama anasema tangu siku hiyo kaka yako anapokea kazi za mabango ya chini tu. Anakusalimu sana wifi yake, na anauliza kama binamu amepata leseni ya udereva.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Muhula huu nimekabidhiwa darasa la nne, kwa kuwa mwalimu wake yuko likizo ya uzazi. Unamjua anayeketi humo, benchi la tatu, mwisho wa upande wa dirisha: mdogo wangu Chiriku, ambaye hajafunga mdomo tangu alipojifunza kuufungua, na ambaye mguu wake wa kulia haujapumzika tangu alipozaliwa. Mwalimu mkuu aliniita ofisini wiki iliyopita, akanisogezea ripoti ya mwaka jana. Kwenye nafasi ya umakini paliandikwa neno moja: hana.

“Tuache udugu,” akaniambia. “Ungekuwa mimi, ungemfanyaje?”

Nikamjibu kwamba ningeanza kwa kulihoji hilo neno “hana.”

“Profesa, mimi kazi ya kuhoji maneno sina. Nina kamati mwezi wa nne. Asipotulia, anahamia chumba cha nyuma.”

Chumba cha nyuma, Shangazi, kimepakana na stoo ya mafagio. Watoto waliomo hupewa kalamu za rangi asubuhi na kunyang'anywa saa ya kwenda nyumbani. Sijasikia hata mmoja aliyewahi kutoka humo akarudi darasani.

Nimekataa, na nimekataa kwa hoja. Shule yetu inaamini kwamba umakini ni kama kitambaa cha mkononi: mtoto amekuja nacho au amekisahau nyumbani. Mimi nashikilia kwamba umakini haukai ndani ya mtu peke yake. Hutokea kati ya mtu na vitu, kama moto usiokuwamo ndani ya njiti wala ubavuni mwa kiberiti mpaka viwili hivyo vikutane. Falsafa niliyoisomea inafundisha kwamba maada si mzigo uliolala ukingoja mtu auhamishe. Benchi linatenda. Bati linatenda. Na lugha yetu ililijua hili kabla ya vyuo kufunguliwa: mtu akiupita mlango wa nyumba yake bila kujua, hatusemi ana upungufu, tunasema amechukuliwa na chechele. Kipo kitu nje yake kilichomchukua. Swali la haki, basi, si “mtoto ana nini?” bali “nini kinamchukua?”

Ninachokuomba ni kidogo. Wewe ni tabibu wa watoto na muhuri wa hospitali unao. Niandikie barua fupi ya kusema kwamba mtoto huyu hana ugonjwa wowote. Mengine niachie mimi.

Mpwa wako


3 Februari

Mpwa wangu, Profesa,

Marahaba. Binamu yako leseni amepata. Yeye amejifunza kuendesha gari, na ukuta wa jirani umejifunza kujihadhari. Mimi nimehamishiwa chumba kilicho karibu na chumba cha kufulia nguo cha hospitali, kwa hiyo nawatibu watoto kwa mdundo wa mashine, na wengine huondoka wakicheza.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kwa ajili ya mtoto. Mara ya pili nilikuwa namtafuta mtoto, maana katika kurasa zote hizo nimeliona benchi, nimeliona bati, nimeuona na ubavu wa kiberiti, lakini Chiriku nimemwona mguu tu. Ile ya chechele nimewasomea wenzangu chumba cha chai. Mmoja ameuliza dozi yake ni ngapi.

Muhuri hutaupata. Siandiki kwamba mtoto anaumwa, wala siandiki kwamba haumwi, kabla sijamwona akiingia mlangoni kwangu kwa miguu yake. Hilo tulimalize.

Sasa hoja, maana najua ukinyimwa hoja hulali. Umeing'oa lawama kichwani mwa mtoto, vizuri, kisha ukaipigilia misumari kwenye benchi. Lawama ni ileile, imebadilisha makazi. Nimewapokea hapa watoto ambao akili zao ni kama redio inayoshika stesheni zote kwa pamoja. Wengine niliwapa dawa, na mama zao wakaniambia siku ya pili kwamba mtoto amekula chakula mpaka akamaliza bila kuinuka. Ukiwaambia kina mama hao kwamba tatizo ni fanicha, umewafungia mlango. Na unisaidie hapa, wewe msomi wa maada: ubongo si maada? Damu si maada? Kidonge je? Inakuwaje benchi lipewe haki ya kusema na kidonge kinyimwe? Sisemi apewe. Nasema usikifukuze kabla hakijabisha hodi.

Swali langu ni moja, na nataka jibu kwa barua ijayo. Mwenyewe anasemaje?

Shangazi yako


17 Februari

Shangazi,

Shikamoo, na hongera kwa binamu, na pole kwa ukuta. Baba hajambo, na hajapanda kitu chochote. Mama amenunua redio ya mkononi, na sasa habari za dunia tunazipata kutoka jikoni.

Hoja yako ya kidonge nimeipima kwa uadilifu. Nakiri kwamba ni maada. Lakini maada haziwi sawa kwa kuwa zote ni maada. Jiwe na mkate vyote vina uzito, wala hatuviweki sahani moja. Benchi naweza kulibadilisha leo bila kumgusa mtoto. Kwa hiyo haki inadai tuanze na benchi, na ndivyo nilivyofanya. Nimepima mabenchi yote ya darasa, urefu wa miguu, mwinamo wa sakafu, njia ya mwanga asubuhi na mchana. Mwalimu mkuu amenikubalia kwa shingo upande nilipange chumba upya, kwa kanuni kwamba tukiviondoa vitu vinavyomchukua mtoto, mtoto atabaki.

Jaribio limeanza. Matokeo ya awali yana utata wa kuvutia, na nitayaeleza yakishapevuka. Kwa sasa niseme tu kwamba hakuna nadharia kubwa ambayo haikukutana na upinzani siku ya kwanza.

Kuhusu muhuri, naomba ulifikirie tena. Kamati ni tarehe mbili mwezi wa nne.

Mpwa wako


1 Machi

Profesa,

Marahaba. Sisi wazima. Binamu yako sasa anaendesha kurudi nyuma, na jirani amepanda ua wa miiba.

Ulipoandika “utata wa kuvutia,” nilimpigia simu wifi yangu. Mama yako si mtu wa nadharia, hivyo amenieleza kila kitu.

Ameniambia ulibandua kutani ramani, picha za wanyama, jedwali la kuzidisha na hata kalenda, ukafunga madirisha, na juu ya moja ukatundika shuka la kitandani kwako, lile la maua, ambalo kumbe nalo si dogo kwa kumchukua mtu. Ameniambia ukawakalisha watoto duara watazamane, na watoto wa darasa la nne wakitazamana wanafanya nini, wewe uliyesoma? Walivuta nyuso na kutoana ndimi. Na ukuta ulipokwisha kuwa mtupu, akatokea mjusi. Darasa zima likawa makini kwa namna ambayo hujawahi kuiona maishani mwako. Mwalimu mkuu akaingia, akauliza, “Mnasoma nini hapa?” Na Chiriku, mtoto mwaminifu, akajibu, “Mjusi, mwalimu.”

Nilicheka mpaka muuguzi akaja kunitazama. Nikuambie la kweli, darasa lile ningelipenda mimi kulisoma.

Lakini wifi akanieleza jambo jingine ambalo halikunichekesha. Anasema tangu siku hiyo Chiriku anaikalia miguu yake. Darasani, mezani, hata akitazama nje kibarazani, anaikunja chini ya mapaja na kuibana kwa uzito wake ili isitikisike. Anasema inakufa ganzi mpaka akiinuka anashika ukuta. Hilo hukuliandika, na sidhani kama ulilificha. Nadhani hukuliona. Mwezi mzima umekuwa makini sana, mpwa wangu, kwa vitu vyote vya chumba kile isipokuwa mtoto mmoja.

Swali langu lingali pale nilipoliacha.

Shangazi yako


17 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu, na sitakupa raha ya kusoma maungamo, nitakupa taarifa. Ramani imerudi ukutani. Shuka limerudi kitandani. Mjusi yupo, ila sasa ana washindani.

Jumamosi Mama alimtuma Chiriku akunje nguo zilizoanuliwa, nami nikaketi naye uani, upande wa pili wa beseni. Nikamwuliza, “Ukiwa darasani, unakuwaje?”

“Nakuwaje kivipi?”

“Unasikia nini?”

“Vyote.”

“Vyote vipi?”

Akaniangalia kama mtu anayeulizwa rangi ya maji. “Kalamu ya Kipara hapo pembeni yangu inakwaruza. Mwalimu wa jirani anakohoa, halafu anasema samahani. Bati linalia tik jua likipanda. Aliye mbele yangu ana uzi umetoka kwenye kola. Na wewe unaongea maneno marefu.”

“Unavisikia kwa pamoja?”

“Ehe. Lakini nikitikisa mguu, vingine vinanyamaza. Nakusikia wewe peke yako. Sasa benchi linatikisika, Kipara anakosea herufi, anakasirika, unaniambia tulia. Nikitulia, vyote vinarudi.”

Nikabaki na shati la Baba mkononi. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia tangu mwanzo.

“Hukuniuliza,” akasema. “Uliuliza benchi.”

Naomba utambue, kwa haki ya mdahalo, kwamba hoja yangu ilishinda na kushindwa katika pumzi moja. Umakini wa mtoto huyu kweli hautokei kichwani peke yake. Unatokea kati ya mguu, ubao na watoto watatu waliofungwa kwenye benchi moja kama ng'ombe wa jembe. Lakini uzi wa kwenye kola mimi ningeupima mwaka mzima nisiuone. Na mguu, ule mguu ambao shule nzima tuliuhesabu kuwa ugonjwa wenyewe, ndio alioushika kama mkongojo, nasi kila siku tukimwamuru autupe, kisha tukishangaa anaanguka.

Nikamwomba Baba ubao wa bango lililokataliwa na mteja. Alikuja shuleni mwenyewe na kitoboleo chake, akaufunga ukutani nyuma ya darasa, kwa kimo cha mtoto anayesimama. Chini yake tumefunga kamba nene kati ya nguzo mbili. Chiriku anasimama hapo, mguu wa kulia juu ya kamba, anaibembeza, na hakuna benchi linalotikisika. Siku ya kwanza aliandika ukurasa mzima. Kipara naye akaandika vizuri, na akaniuliza kama zamu yake itafika.

Sasa lile ambalo ningependa kulinyamazia. Si kila siku. Zipo asubuhi kamba inabembea na vyote vinarudi vilevile, naye ananiambia kwa sauti ndogo, “Leo vimekataa kunyamaza.” Siku hizo ananitazama kama anayeniomba nimsaidie kubeba kitu, nami sijui pa kushika. Niambie, Shangazi: hicho kidonge kinafanyaje kazi?

Mpwa wako


25 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba, na mara hii naiandika kwa herufi kubwa moyoni. Binamu yako anakusalimu kutoka kituo cha mafunzo, ambako amerudi kwa hiari yake na kwa maombi ya jirani.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama. Ile ya “uliuliza benchi” nimeibandika ukutani juu ya meza yangu, nami nimeanza kuitumia kwa madaktari wenzangu.

Umeniuliza, nami nitakujibu kama mtu mzima. Kidonge hakimfanyi mtoto kuwa mwingine, wala hakimfundishi kusoma. Kwa baadhi ya watoto kinapunguza kelele, ili yale mengine, kamba, ubao, mwalimu mwenye masikio, yapate nafasi ya kufanya kazi. Kwa wengine kinawaondolea hamu ya kula na furaha yao, na hapo tunakiacha. Ni kitu kimoja katika vitu vingi, na kabla hujajua mtoto yuko kati ya vitu gani, hujui kitamkuta wapi. Chiriku anakihitaji au hakihitaji? Sijui. Kwa nilivyosoma, anaweza akaendelea na kamba yake mpaka uzeeni. Inawezekana pia zile asubuhi zinazokataa kunyamaza zikamchosha, na haitakuwa haki tumwache achoke ili nadharia yako ibaki safi. Au yangu.

Muhuri uliouomba nimeuweka, ila kwenye kadi ya miadi. Iko ndani ya bahasha hii. Mlete likizo ikianza, aje na kaka yangu, nitakaa naye siku nzima na nitamsikiliza mpaka mwisho. Najua ninachoahidi.

Kuhusu kamati, nisikilize. Usihutubu. Ukihisi neno lenye silabi nyingi linapanda kooni, kohoa. Aliyeketi kwenye benchi lile si wewe. Mpe nafasi aseme.

Shangazi yako


6 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Kwanza habari za nyumbani: Baba amepanda ngazi. Amefika kidato cha tatu, ameandika bango la duka la matairi, ameshuka akiwa mzima, na kinyozi alitoka nje kushuhudia.

Pili, kamati.

Ofisi ilikuwa imepakwa rangi asubuhi ile, na hakuna aliyeweza kukaa humo bila machozi. Mwalimu mkuu akawaleta wajumbe darasa la nne. Naapa sikuhusika na rangi ile. Wajumbe wakaketi kwenye mabenchi ya watoto, magoti yakiwa karibu na videvu. Mwenyekiti, mwenye duka lile la matairi, ni mtu mwenye mwili wa kazi yake, na aliangukia benchi la tatu, upande wa dirisha. Pembeni yake akaketi mama fundi cherehani na mzee mweka hazina.

Mwalimu mkuu alianza kusoma ripoti, na ni mtu asiyeruka kituo. Alipofika ukurasa wa pili, mwenyekiti alikuwa anageuzageuza funguo zake, mama fundi anafuata kitu dirishani, na mzee mweka hazina anasema taratibu, “Mwenyekiti, samahani, mguu wako unaniharibia mwandiko.”

Maneno yalinijia, Shangazi. Yalinijia kwa aya zilizokwisha pangwa, zenye utangulizi na hitimisho. Nikakohoa. Nilikohoa mpaka mama fundi akaniuliza kama nimeshikwa na mafua.

Wakamwita Chiriku. Nilimwambia asimame popote atakapo, naye akaenda nyuma kwenye ubao wake, akaweka mguu juu ya kamba, akawaeleza kama alivyonieleza mimi: kalamu, kikohozi, bati, uzi. Kisha akaongeza ambalo sikulijua. “Baada ya mjusi nilikalia miguu kwa sababu nilitaka kaka asifukuzwe kazi.” Alilisema hivyohivyo, kama anayetaja tarehe. Nikakohoa tena, na safari hiyo haikuwa kwa sababu ya silabi.

“Sasa,” akasema mwalimu mkuu, “kila mtoto akidai ubao wake ukutani tutafanyaje?”

“Tutapigilia,” akasema mama fundi. “Kuta ziko nne.”

“Na akiendelea kuongea?”

“Mwalimu,” akasema mwenyekiti, akiangalia mguu wake mwenyewe kwa mshangao, “mke wangu ananiuliza swali hilohilo kila siku, wala hajanihamisha.”

Chiriku anabaki darasa la nne. Imeandikwa. Kadi yako ya miadi niliisoma mbele yao, na hakuna aliyeichukua kuwa ushahidi wa ugonjwa wala wa uzima. Waliichukua kuwa kadi. Tutafika kwako wiki ya kwanza ya likizo. Ukimwona na ukaamua apewe dawa, tutakaa sote wanne, wewe, yeye, Baba na mimi, na yeye ndiye atakayeanza kusema. Mama anasema hakuna hatari ya Chiriku kuwa wa mwisho kusema.

Nilidhani tumemaliza. Wajumbe walikuwa wamekwisha inuka, wakinyoosha migongo, mwalimu mkuu akafunga jalada lake, halafu akasimama mlangoni akitazama upande wa stoo ya mafagio.

“Profesa,” akaniambia, “wale wa chumba cha nyuma. Kuna mtu amewahi kuwauliza?”

Nikamwambia nitawauliza mimi. Nimekabidhiwa saa moja kila mchana, na nilianza jana. Wa kwanza ni msichana mrefu, amekaa humo mwaka wa tatu sasa, hatazami mtu usoni. Nilikaa chini sakafuni karibu naye, nikamwuliza, “Ukiwa darasani, unakuwaje?” Akafikiri sana. Akadhani ni mtihani, akanijibu, “Saba.”

Nikacheka, naye akaniangalia kwa mara ya kwanza, akacheka pia. Kisha akasogeza kalamu zake za rangi pembeni ili nipate pa kuweka mkono, akaanza kunieleza.

Mpwa wako